Safari Hii Lazima Awe wa Kiume

Jumapili moja ya mwezi Mei, jua likiwa limeanza kuwa na maana, Darinka alikaa kwenye kizingiti cha nyumba yake akichambua maharage, na mabinti zake wanne walikuwa uani wakirusha sarafu. Mnacheka? Ndiyo kazi ya shule waliyopewa. Mwalimu Olivera, aliyeletwa mwaka ule kufundisha hesabu kwetu huku mlimani Montenegro, alikuwa amewaambia darasa la saba kila mmoja akarushe sarafu ya dinari mara mia, aandike imeangukia nembo mara ngapi na namba mara ngapi. Milunka, binti mkubwa, miaka kumi na tatu, alirusha. Vasilija aliandika. Wale wadogo, Stana na Dosta, waligombania kuiokota.

Stana maana yake ni simama. Dosta maana yake ni yatosha. Kwetu mabinti wakizidi nyumbani huwa wanapewa majina ya namna hiyo, kumwambia Mungu kwamba tumeshiba, sasa badilisha. Hebu jiulize, ndugu msikilizaji, ungeitikaje kuitwa Yatosha kutwa nzima, mezani, kisimani na kanisani, tena na watu wanaokupenda. Dosta alikuwa na miaka minne na aliitika vizuri tu, maana hakuwa anajua.

"Ikianguka nembo, maji nachota mimi," Darinka aliwatania. "Ikianguka namba, mnachota nyie."

"Mama, nusu kwa nusu hiyo!" Milunka akasema. "Si bora tu twende wote?"

"Mwone huyu! Mwalimu kashamharibu, hata kubahatisha hataki."

Wakacheka wote. Kumbuka kicheko hicho, kwa sababu hakikukaa sana.

Baba yao, Vukosav, alirudi mchana ule kutoka ubatizo wa mtoto wa binamu yake. Mtoto wa kiume, naam. Mezani mgeni mmoja alimuuliza ana watoto wangapi, naye akajibu kama wanavyojibu wanaume wa kwetu: "Sina mtoto. Nina mabinti wanne, mnisamehe." Mgeni akainua glasi ya rakia, ile gongo yetu ya plamu, akasema, "Basi tunywe kwa meko ya Vukosav, yawake mpaka siku yatakapozimika." Kwetu nyumba isiyo na mtoto wa kiume husemwa meko yake yatazimika. Watu wakacheka. Vukosav naye akacheka, kisha akatembea kilomita sita na maneno hayo kifuani.

"Mnachezea hela?" aliuliza alipoingia uani.

"Ni kazi ya shule, Baba," Vasilija akajitetea.

"Nembo imetoka mara nne mfululizo!" Stana akarukaruka. "Nne, Baba!"

Vukosav akasimama. Akawatazama wale wanne, mmoja mmoja, akamtazama na mama yao pale kizingitini.

"Nne mfululizo," akasema taratibu. "Basi ya tano ni namba."

"Si lazima, Baba," Milunka akasema. "Inaweza kuwa nembo tena."

"Rusha."

Milunka akarusha. Ikaanguka namba.

Vukosav akajipiga paja. "Umeona! Umeona, Darinka? Nne za aina moja, halafu ya tano inageuka. Hata hela inajua haki!"

Jamani, sarafu ile ingeanguka nembo, huenda leo nisingekuwa na cha kusimulia. Huenda. Mtu aliyekwisha kuamua hakosi ushahidi.

Milunka akamkimbilia na karatasi yake. "Baba, tazama. Nne mfululizo imetokea mara nane leo. Mara nne ikafuata namba, mara nne ikafuata nembo tena. Sarafu haina kumbukumbu. Haijui ilianguka vipi mwanzo."

"Sarafu haina kumbukumbu," Vukosav akamshika kichwa kwa upole, "lakini Mungu anayo. Anajua ananidai... la, mimi ndiye ninayemdai." Akaingia ndani.

Darinka aliendelea kuchambua maharage, ila Milunka aliona anatupa mazima na kubakiza yaliyotobolewa.

Binti alijua kinachomtisha mama yake. Stana na Dosta walizaliwa kwa kupasuliwa, na baada ya Dosta daktari wa mjini aliwaita wote wawili, mume na mke, akawaambia waziwazi: "Basi. Kovu limekuwa baya. Nikichukua wanawake wanne wenye tumbo kama hili, wakabeba mimba nyingine wakazalia kule mlimani, watatu watapona na mmoja nitamzika." Miaka minne Vukosav aliyashika maneno hayo. Kisha ikaja ile dinari.

Wiki hiyohiyo, wakikama ng'ombe zizini, Milunka aliwasikia upande wa pili wa mbao.

"Daktari alisema mmoja kati ya wanne, Vukosav."

"Na mimi nimesikia watatu kati ya wanne. Kwa nini uwe yule mmoja? Una mgongo wa punda wewe, hujawahi hata kulala na mafua."

"Na akiwa binti tena?"

"Hawezi kuwa binti! Wa tano? Mke wangu, safari hii lazima awe wa kiume."

Bibi Petrusha, mama yake Vukosav, ndiye aliyepigilia msumari. "Madaktari!" alisema mezani. "Mimi nilizaa saba, mkunga wangu alikuwa ng'ombe aliyekuwa ananiangalia."

"Na wako wangapi hai, Bibi?" Milunka akauliza.

Bibi akamsogezea bakuli. "Wawili. Kula ugali wako."

Kufika Agosti Darinka alikuwa na mimba ya miezi mitatu, na kijiji kizima kikageuka wataalamu. Jirani mmoja akasema tumbo limechongoka, ni mvulana. Mwingine akamnyunyizia chumvi kichwani bila yeye kujua, akaangalia atajikuna wapi, akajikuna puani, ni mvulana. Bibi Petrusha akaning'iniza pete kwenye uzi juu ya tumbo, pete ikazunguka, ni mvulana. Mtu wa dalili za mvulana alikaribishwa rakia. Nani angekuja na dalili ya binti akose glasi? Vukosav aliziongeza zote kwenye hesabu yake. Akakarabati susu ya kulazia mtoto iliyokuwa ya babu yake na kuinunulia bunduki risasi mpya, kwa sababu kwetu mtoto wa kiume akizaliwa baba hupiga risasi hewani, na kila nyumba hujibu kwa risasi zake.

Oktoba Darinka alikwenda mjini, Milunka akamsindikiza. Daktari hakugomba. Alisema, "Yaliyopita si ndwele. Mwanzo wa Januari, kabla barabara haijafungwa na theluji, uje ulale hapa hospitali usubiri siku zako. Ukizalia hapa, damu ipo, chumba cha upasuaji kipo, na kwa miaka yangu yote sijampoteza mama wa namna yako. Ukizalia nyumbani, hesabu ni ileile niliyokupa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Daktari."

"Mimi pia," Milunka akasema, na daktari akamtazama kama anayemwona sasa hivi.

Vukosav hakutaka kusikia. "Mwanangu azaliwe kwa wageni? Baba yangu alizaliwa chini ya dari hili. Mimi nilizaliwa chini ya dari hili. Januari yote nani atakama ng'ombe? Na watampasua tena, wale kisu ndiyo kazi yao."

Sasa sikilizeni binti huyu alifanya nini, maana hata mimi nisingethubutu. Shuleni wiki ile Mwalimu Olivera alirudi kwenye habari za bahati na uwezekano. Kila nyumba ilikuwa inatoka msituni na vikapu vya uyoga, basi akawauliza, "Nikiwapa sahani yenye vichwa vinne vya uyoga, vitatu vizuri na kimoja cha sumu, vinafanana kabisa, nani atakula kimoja?" Darasa lote likapiga kelele: hata kwa njaa! "Lakini watatu kati ya wanne watapona," mwalimu akasema. "Mbona mnaogopa?" Milunka hakupiga kelele. Alikuwa ameshikilia dawati kwa mikono miwili.

Jioni hiyo aliutoa uyoga kwenye majivu ya moto, akauweka kwenye sahani vichwa vinne, akampelekea baba yake.

"Ala! Leo umenikumbuka mzee wako," Vukosav akafurahi, akachukua uma.

"Baba, subiri. Vitatu nimevitoa kwenye kikapu. Kimoja nimekichuma kule bondeni, ule uyoga uliomuua mbwa wa mzee Radonja. Sijui tena ni kipi. Kula kimoja tu. Ukimaliza kimoja, sitasema tena habari za hospitali."

Uma ukabaki hewani.

"Umesema nini?"

"Vitatu ni vizuri, Baba. Kwa nini uchukue kile kimoja? Una mgongo wa punda wewe."

Vukosav alisukuma sahani ikaruka mpaka ukutani. "Unataka kuniua, we mtoto? Unataka kuniua mimi, baba yako?"

"Na Mama je?"

Alimpiga kofi lililomwangusha kwenye rundo la kuni. Bibi Petrusha akapiga ishara ya msalaba, akasema ndiyo matunda ya shule hayo. Vukosav akatoka nje akiwa anatetemeka, na nawaapia hakuwa anatetemeka kwa hasira peke yake. Alielewa. Ndiyo maana ninamlaumu mpaka leo. Mtu asiyeelewa unamhurumia.

Darinka aliinama, akaokota uyoga sakafuni kipande kwa kipande.

"Usiuguse kwa mikono, Mama, una sumu," Vasilija akapiga kelele.

"Wote ni mzuri," Milunka akasema kutoka kwenye kuni, damu ikimtoka mdomoni. "Nilimdanganya. Wote umetoka kwenye kikapu."

Darinka akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akalia, akamvuta binti yake kifuani. "Mwanangu, mwanangu, hakuna mtu aliyewahi kunipigania hivi," alisema. "Lakini usirudie. Baba yako akisema nibaki, nitabaki. Nitakwenda wapi?"

Januari ikaja, barabara ikiwa wazi, na hakuna aliyefunga mzigo. Vukosav alisema subiri wiki hii, kisha subiri ng'ombe azae, kisha theluji ikaanguka siku tano mfululizo. Mwanzo wa Februari mtambo wa serikali ukapita ukafungua barabara tena. Siku ya pili yake, saa mbili asubuhi, maumivu yakamshika Darinka, wiki mbili kabla ya siku zake.

Safari hii hata Vukosav aliogopa. Alimtuma Vasilija mbio kwa mzee Radonja, mwenye lori pekee kijijini. Lori likaja, minyororo magurudumuni, injini ikinguruma mlangoni. Wakamvika Darinka makoti mawili. Hakufika mlangoni. Mtoto alitoka pale pale jikoni, kwa kasi ambayo hakuna aliyeitegemea, na Bibi Petrusha akamdaka, akamgeuza, akapiga kelele iliyosikika bonde zima:

"Mwana wa kiume! Vukosav, wa kiume!"

Ndiyo, jamaa zangu. Alikuwa wa kiume. Najua wengine mlisubiri niseme ni binti wa tano, ili Vukosav aaibike na hadithi iwe nyepesi. Hapana. Nusu ile ilimwangukia.

Alitoka uani bila koti na bunduki yake, akafyatua. Nyumba ya kwanza ikajibu, ya pili, ya tatu, mpaka mlima wote ukawa unapasuka kwa risasi. Watu wakaja mbio na chupa. Mzee Radonja akazima lori, akashuka, akakumbatiwa, akapewa glasi. Nani aende hospitali tena? Mtoto keshazaliwa, tena dume!

Jikoni, Milunka alikuwa amepiga magoti kando ya mama yake.

"Ni nini?" Darinka aliuliza.

"Mvulana, Mama."

"Kweli?"

"Kweli."

"Basi sasa wataniacha," Darinka akasema, akafumba macho.

Kisha Milunka akaona makoti yamelowa. Alifunua, na damu ilikuwa haitoki kama inavyotoka kwa mzazi, ilikuwa inamwagika. Alimwita bibi yake, lakini bibi alikuwa mlangoni anamwonesha mtoto kwa watu. Akatoka mbio miguu mitupu kwenye theluji.

"Baba! Mama anavuja damu! Baba, lori!"

Vukosav hakusikia, masikio yake yalikuwa yamejaa baruti. Alimnyanyua juu, akambusu mashavu yote mawili. "Una mdogo wa kiume! Milunka, wa kiume!"

"Lori, Baba! Mama anakufa!"

Risasi nyingine. Akamwendea mzee Radonja, akamvuta mkono. "Babu, washa lori, nakuomba."

"Ngoja, binti, ngoja nimalize glasi hii, siku kama hii haiji mara mbili. Kila mzazi anavuja damu kidogo."

Alizunguka watu wale mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alimpongeza. Mwisho aliingia ndani, akachukua koti moja lililolowa damu, akalitandaza juu ya theluji katikati yao. Ndipo bunduki ziliponyamaza. Ilikuwa imepita karibu saa nzima.

Lori lilikwenda kwa kasi ambayo mzee Radonja hajawahi kuendesha tangu hapo. Darinka alikata roho kwenye kona ya tatu, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Milunka. Mjini daktari alipokea maiti. Aliuliza swali moja tu: "Barabara ilifunguliwa lini?" Vukosav akajibu, "Jana." Daktari akageuka akaondoka.

Kwenye mazishi watu walipanga mstari kumpa Vukosav mkono, na hawakujua wamwambie nini. Wengine walisema pole. Wengine walisema pole, kisha wakamwinamia sikioni wakasema hongera. Nilikuwepo. Mimi mwenyewe nilisema yote mawili, Mungu anisamehe.

Mtoto akaitwa jina la babu yake. Milunka akatolewa shule. Mwalimu Olivera alipanda mlima kwa miguu kuja kumwombea. Alisema binti huyu ana kichwa ambacho hajakiona kwa miaka kumi, atamtafutia hata nafasi ya kulala mjini.

"Na mwanangu nani atamlea?" Vukosav akauliza. "Wewe?"

Basi Milunka akamlea. Alimnywesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, akamfulia, akamfundisha kutembea. Hakumchukia, nataka mjue hilo. Mtoto hakuwa na kosa. Lakini na baba yake hakuzungumza ila maneno ya kazi, chakula tayari, kuni zimekwisha.

Siku mtoto alipotimiza mwaka, Vukosav alikaa mezani na watoto wake watano. Alikuwa amekunywa, na alitaka, nadhani, mtu yeyote amwambie kwamba hakukosea kila kitu. Akamtazama mvulana, akasema:

"Lakini nilisema, au sikusema? Nilisema wa tano atakuwa wa kiume."

Milunka akamnyanyua mdogo wake, Vasilija akamshika mkono Stana, Stana akamshika Dosta, wakatoka wakaenda kukaa zizini na ng'ombe. Vukosav akabaki na meko yake yanayowaka.

MAFUNZO

Jamaa zangu, ninyi mlio na mabinti na mnaotafuta mvulana, ninyi mnaosema mvua haikunyesha mwaka jana kwa hiyo lazima inyeshe mwaka huu, nawaambia bila kuwapamba. Bahati haina deni na mtu. Mabinti wanne hawamlazimishi wa tano kuwa mvulana, ni nusu tu kama ilivyokuwa kwa wa kwanza. Vukosav aliichukua nusu akaiita hakika, na robo ya kifo akaiita si kitu. Kupata alichokitaka hakukumfanya kuwa amehesabu vizuri. Alibahatisha, na aliyelipia ni mwingine.

Na hili ndilo zito zaidi. Kabla hujasema "watatu kati ya wanne wanapona", tazama sahani ni ya nani. Sisi sote kijijini tulipiga ramli juu ya tumbo la Darinka, tukaangalia pete, tukaangalia chumvi, tukanywa rakia. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza Darinka kama yeye anataka kula.